Betri ya Pili: Mwongozo wa Kuitambua Kazi Njema ya Fundi Umeme wa Magari

Mwenye gari la porini akilalamika kwamba betri yake ya pili imekufa, swali la kwanza la kumwuliza ni hiyo ni ya ngapi. Na aghalabu jibu litakuwa kwamba ni ya tatu au ya nne tangu gari lilipofungwa mfumo wa betri mbili, ilhali ile ya kwanza, inayoendesha stata, ipo pale pale, inawasha injini kila alfajiri bila manung'uniko. Maadamu betri hizo zilitoka duka moja, zina ukubwa mmoja na zinapata moto kutoka alteneta moja, tofauti ya umri wao haielekei kuwa taksiri ya kiwanda. Taksiri imo katikati yao: katika waya ulioziunganisha, katika ncha za waya huo, katika njia ya kurudia hasi, na katika akili ya aliyevifunga vyote hivyo. Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu betri ipi inunuliwe, jambo ambalo kila muuza duka wa Tarime na Sirari yu tayari kukueleza hata usipomwuliza. Unahusu namna ya kuitazama kazi ya fundi umeme wa magari, ambaye wengi humwita fundi rewaya, na kupambanua kama ni kazi ya stadi ama ya mbabaishaji, kabla pori halijatoa hukumu yake.

Zamani haja hii haikuwapo. Serengeti ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Land Rover za siku zile, zilizoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, zilikuja na hendeli ya chuma ya kuzungushia injini, na dereva aliyeikuta betri imelala alishuka, akakunja mikono ya shati, akazungusha. Land Cruiser ya leo yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 na silinda sita, ambayo ni tegemeo la wapeleka watalii wa Mugumu kama ilivyo tegemeo la wachimba dhahabu wa Nyamongo, haizungushwi na mkono wa mwanadamu. Na juu ya hayo imetwishwa friji ya vinywaji, redio ya mawasiliano, inveta ya kuchajia kamera na simu za wageni, na taa za kambini. Msimu wa nyumbu kuvuka Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, magari hukaa Kogatende na upande wa Lamai saa nyingi yakingoja, injini zimezimwa, vifaa vyote hivyo vikiendelea kula moto. Kisha nyumbu wakibadili nia, au tembo akitokea kichakani kwa ghafla, gari hutakiwa liwake papo hapo. Ndipo zikahitajika betri mbili, moja isiyoguswa na chochote isipokuwa stata, nyingine ya kubeba mizigo yote iliyobaki, na ndipo ufundi wa kuzifunga ukawa fani yenye mabingwa na waharibifu wake.

Mtazamaji asiye na haraka huanza kwa kujua ni mpango gani alio nao mbele yake, kwa maana betri mbili chini ya boneti hazimaanishi jambo moja kila mahali. Kuna gari ambalo betri zake zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zikawa betri moja kubwa ya volti 12. Kuna gari, hasa baadhi ya yale ya zamani yaliyoletwa moja kwa moja kutoka Japani, na kadhalika malori makubwa yanayopanga foleni mpakani Sirari, ambalo zimefungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, zikatoa volti 24. Na kuna gari ambalo moja ni ya stata na nyingine ni ya huduma, zikiunganishwa na kutenganishwa kwa kifaa maalumu. Huo wa tatu ndio tunaoukusudia hapa, lakini wa pili unastahili maneno machache, kwa kuwa umeangamiza betri nyingi kwa namna ambayo wenye magari huiita nuksi.

Mwenye gari la volti 24 hutaka redio ya muziki au chaja ya simu ya volti 12. Fundi asiye na hadhari huchukua moto kutoka betri moja tu kati ya zile mbili, redio ikaimba, akalipwa, akaenda zake. Tangu siku hiyo betri ile hutumiwa kuliko mwenzake, lakini alteneta, isiyojua lolote ila jumla ya volti 28 hivi, huendelea kuzichaji zote kwa mkondo mmoja: inayotumiwa haijai abadani, na isiyotumiwa hujazwa kupita kiasi hata maji yake yakachemka na kukauka. Mwenye gari hubadilisha ile iliyotangulia kufa, baada ya miezi kadhaa hubadilisha ya pili, kisha hurudi kwa ya kwanza. Stadi hufunga kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12, kinachochota kutoka betri zote mbili kwa insafu, na ukikiona kigeuzi hicho kimekazwa vizuri juu ya bati, mahali penye hewa, umekwisha kuijua nusu ya tabia yake.

Katika mpango wa stata na huduma, kifaa cha kutenganishia ndicho ambacho mwenye gari huonyeshwa kwa fahari, kwa sababu kina kibandiko cha rangi na kijitaa. Nami nitakipita upesi, kwa kuwa si mara nyingi maradhi yakaanzia hapo. Swichi ya mkono haina kasoro ila ile ya mwanadamu, ambaye jioni atasahau kuizima. Dayodi ya kale hufanya kazi bila sauti na bila kuchoka, lakini hula volti 0.6 au 0.7 njiani, na betri inayonyimwa kiasi hicho kila siku haijai maishani mwake. Rilei inayohisi volti, ambayo huunganisha zikifika 13.3 hivi na kutenganisha zikishuka kwenye 12.8, ndiyo iliyoenea, na kwa Land Cruiser ya injini niliyoitaja inatosha. Chaja ya betri kwa betri, inayopandisha volti yenyewe na kuipa kila aina ya betri kipimo chake, ni bora kuliko zote na ghali kuliko zote, na ni faradhi kwa yale magari mapya ambayo kompyuta zao huishusha alteneta makusudi ili kuokoa mafuta. Rilei ikisikika inanasa na kuachia, inanasa na kuachia, injini ikiwa inanguruma, usiilaumu: inaona volti zikiporomoka kila inapounganisha, na hiyo ni habari ya waya.

Habari ya waya ni ndefu. Betri ya risasi na tindikali, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859 na ambayo asili yake haijabadilika sana tangu hapo, huhitaji moto wenye msukumo wa kutosha, volti 14.2 hadi 14.4 kwa nyingi ya zinazouzwa kwetu, tena kwa saa kadhaa, ndipo ijae. Ikifikiwa na 13.5 tu, mita itaonyesha kwamba inachaji na dereva ataridhika, lakini muda wa safari utakwisha kabla haijajaa, na ile sehemu ya plati ambayo moto haukuifikia itaota chumvi ya salfeti, inayozidi kukakamaa wiki baada ya wiki, hata siku moja betri ya ukubwa wa N70 iliyonunuliwa kwa fedha nzima ikabaki na robo ya uwezo wake. Aliyepata kujaza mtungi kwa mrija mwembamba anajua kwamba wingi wa maji kisimani hauharakishi kitu. Vivyo hivyo waya mwembamba huidhulumu betri ya nyuma hata kama alteneta ina nguvu za kuangaza nyumba. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ikiwa umbali wa mita 5 kutoka mbele, moto husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita mraba 6, ambao mafundi wengi huuona mnene, ukipitisha ampea 20 hupoteza zaidi ya nusu volti, na ukipitisha ampea 40 hupoteza zaidi ya volti nzima. Ilhali wa milimita mraba 25, kwa ampea zile 20, hupoteza 0.14 tu. Ukitaka kumpima fundi kabla hajagusa gari, mwulize ataweka waya wa ukubwa gani, kisha nyamaza. Stadi atakuuliza kwanza betri itakaa wapi na friji yako inakula ampea ngapi, mwingine atakuonyesha kidole chake na kusema, "Mnene kama huu."

Tena si kila chekundu ni shaba. Ghashi imeingia katika nyaya kama ilivyoingia katika asali, na zinauzwa nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, nyepesi mkononi, zenye ukinzani mkubwa zaidi, na zinazochakaa mapema penye unyevu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu nao haufai, hata ukiwa shaba safi, kwa sababu barabara za changarawe zilizojikunja mawimbi madogomadogo huutikisa hata ukavunjika ndani ya ngozi yake, pasipo jicho kuona. Ule wa mashine ya kuchomelea vyuma, wenye nyuzi nyingi nyembamba, hujikunja kwa utii na kustahimili mtikisiko, na mafundi wazuri wengi huupenda.

Nilimtazama fundi mmoja wa makamo, katika gereji ya wazi pembezoni mwa mji wa Mugumu, akipokea gari la kijana dereva ambaye alikuwa amekuja na betri mpya ndani ya boksi, tayari kuibadilisha ile ya huduma.

"Shikamoo, fundi. Nataka unifungie hii, ile nyingine imekufa tena."

"Marahaba. Hiyo iache kwenye boksi kwanza. Washa friji, washa na inveta, taa zote za nyuma ziwashe, halafu twende tukanywe chai."

Kijana alishangaa, kwa kuwa fundi wa mwanzo alikuwa amempimia gari asubuhi, betri ikiwa imetoka kwenye chaja, na mita ikaonyesha volti nzuri mbele na nyuma. Yule wa makamo alijua kwamba betri iliyoshiba haivuti mkondo, na pasipo mkondo hakuna kinachopotea njiani, kwa hiyo waya mbaya kuliko wote duniani utaonekana mwema. Tuliporudi, betri ya huduma ilikuwa imeshuka hadi 12.1. Akaliwasha gari, akalipa moto kidogo, akapima mbele: 14.1. Akapima nyuma: 13.3. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo ninalomshauri kila msomaji alidai kwa fundi wake: akaweka ncha moja ya mita kwenye chanya ya mbele na nyingine kwenye chanya ya nyuma, mita ikasema 0.3, akahamia hasi kwa hasi, mita ikasema 0.5. Hesabu ikatimia. Upungufu wa volti 0.8 ulikuwa umegawanyika sehemu mbili, na sehemu kubwa ilikuwa upande ambao hakuna aliyeutazama.

"Unaona, mdogo wangu," alisema, "waya mwekundu ulilipia. Huu mweusi hukuuliza, naye hakukwambia."

Chini ya kiti tuliikuta hasi ya betri ya huduma imekazwa kwa skrubu ya bati juu ya sakafu iliyopakwa rangi, mpira wa mkeka ukiifunika. Bodi la gari limepakwa rangi, limeungwa kwa vipande, limekaa juu ya mipira inayolitenga na chesisi, na kila kiungo kinadai ushuru wake. Aliikata, akavuta waya mweusi mnene sawa na ule mwekundu hadi kwenye chesisi, akakwangua pale mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa boliti na washa ya meno, akapaka grisi juu, akapima tena. Kijana alirudi Ikoma na boksi lake halijafunguliwa.

Kutokana na hayo kipimo changu cha kazi njema ni hiki: betri ya huduma ikiwa na njaa na friji ikiwa inafanya kazi, tofauti kati ya betri mbili isizidi volti 0.2, na upande wa hasi peke yake usizidi 0.1. Anayekataa kupimwa hivyo, mwachie gereji yake na uondoe gari lako.

Ncha za waya husema mengi hata mita isipokuwapo. Kile kichwa cha shaba kinachovishwa mwishoni mwa waya kinatakiwa kiwe kimebanwa kwa mashine, alama zake zikiwa sawa pande zote, pasiwe na uzi uliotoroka nje wala pengo la shaba uchi kati ya kichwa na ngozi. Kilichobanwa kwa nyundo hujulikana kwa ubapa wake usio na mpango, na ukikizungusha kwa vidole hucheza. Wako wanaojaza risasi ya kuunganishia wakidhani wamezidisha wema, kumbe ile risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na penye mwisho wa ugumu huo ndipo waya hukatika siku ya mtikisiko. Juu ya kichwa na uwe umevishwa mpira unaosinyaa kwa joto, usioacha vumbi jekundu la milima ya Tarime wala maji ya madimbwi ya mbugani kupenya. Ukungu wa kijani kwenye shaba ni ilani. Na ukiona pete sita au saba zimerundikwa juu ya tamino moja, kila moja ikitoka kwenye kifaa chake, jua kwamba gari limepita mikononi mwa mafundi wengi na hakuna hata mmoja aliyejiona mwenyeji. Stadi hutoa waya mmoja mnene hadi kwenye kasha la fyuzi, na kutoka hapo kila kifaa kikapata fyuzi yake, kimeandikwa jina.

Juu ya fyuzi sina masihara. Waya unaounganisha betri mbili una chemchemi ya moto kila upande, kwa hiyo unahitaji fyuzi mbili, moja karibu na kila betri, isiyo mbali zaidi ya shubiri moja. Fundi anayeweka moja tu mbele amelinda nusu ya waya. Nusu ya pili ikichubuka kwenye ukingo wa bati, betri ya nyuma itaichoma hata ya mbele ikiwa imekatwa, na gari linaloungua katikati ya nyasi kavu za Agosti haliungui peke yake. Kila mahali waya unapopenya bati na pawe na mpira wa kinga. Magari ya migodini mara nyingi huwa na swichi kuu ya kukatia betri, inayofungika kwa kufuli; si ulazima kwa gari la wageni, lakini anayeifunga bila kuombwa ni mtu wa kumrudia.

Kisha ishike betri yenyewe kwa mikono miwili, uitikise. Ikisogea hata kidogo, kazi imeharibika, hata kama nyaya zake ni za kifalme, kwa kuwa mtikisiko huzipukutisha plati, unga wake ukakusanyika chini ya seli hata zikagusana. Kamba ya mpira wa ndani ya baiskeli si kishikizo. Mahali nako kuna hukumu yake: karibu na bomba la moshi betri hupikwa, na yakadiriwa kwamba kila nyuzijoto 10 zinazozidi hukata umri wake kwa nusu; ndani ya chumba cha abiria betri ya maji haitakiwi, kwa sababu ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na mvuke wa tindikali unaokula nguo na vyuma. Kwenye Land Rover Defender ya zamani, ambayo betri yake hukaa ndani ya sanduku chini ya kiti cha abiria, fundi mwenye busara hutazama kwanza kama sanduku hilo linapumua.

Ama betri yenyewe, machache yanatosha. Ya stata ina plati nyembamba nyingi, hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache na huchukia kukaushwa. Ya huduma ina plati nene na huvumilia, ingawa nayo ikishushwa chini ya nusu kila siku haidumu. Kuukuu na mpya zisifungwe sambamba bila kitenganishi, kwani ile kongwe huinyonya changa usiku kucha. Tazama tarehe iliyogongwa kwenye ganda. Ikilala saa kadhaa bila kazi, iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo, ya nusu 12.2 hivi, na ya 11.9 imekwisha kuumia.

Lakini hata kazi isiyo na nakisi ina kikomo chake, na fundi mkweli hukitaja mwenyewe. Friji ya kompresa hula ampea 4 hivi inapozunguka. Ikizunguka nusu ya muda, usiku mmoja wa saa 12 umekwenda na ampea-saa 24, na betri ya risasi hupokea upesi hadi kwenye asilimia 80, kisha hupokea polepole mno, saa baada ya saa. Gari linalongoja mtoni tangu asubuhi na kurudi kambini kwa mwendo wa nusu saa halitaijaza, lau alteneta ingekuwa ya dhahabu. Dawa yake ni sola ya wati 100 juu ya paa, yenye kidhibiti chake, ambayo adhuhuri ya Serengeti huipa ampea 5 bila kelele, gari likiwa limesimama.

Na masika, kuanzia Machi hadi Mei, kambi nyingi zinapopunguza kazi na magari yakalala wiki nyingi uani, redio na kengele za kuzuia wizi huendelea kunyonya. Hata unyonyaji mdogo wa ampea 0.05, ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa si kitu, hula ampea-saa 36 kwa siku 30, yaani nusu ya betri ya N70. Fungua hasi za betri zote mbili kabla ya kulifunika gari, ongeza maji safi ya betri kwa zile zenye vifuniko, na kila mwisho wa mwezi uzichaji hadi zijae.